Gari Haichanganyi? Uliza Kwanza Inakuwa Nzito Lini

Dar mtu anaweza kukaa na gari iliyochoka miezi na miezi asijue, kule tambarare halafu foleni, nani atakanyaga mafuta mpaka chini pale Ubungo saa moja asubuhi? Kigoma haiwezekani. Ukitoka stesheni ya reli kule chini ziwani ukaanza kupanda kuja Mwanga, gari yenye tatizo inakuumbua mchana kweupe, bodaboda aliyepakia abiria na gunia la mkaa anakupita na bado anageuka kukuangalia.

Mi nina Toyota IST ya cc 1,500, nafundisha fizikia sekondari na wikiendi naitumia kubebea mawese maana mshahara wa mwalimu unaujua. Ikaanza kuwa nzito, kidogo kidogo, leo unaona labda ni upepo, kesho labda ni mzigo, mpaka ikafika mahali nikikutana na mlima nazima na redio nisikilize injini. Taa ya injini haikuwaka, moshi hamna, ukiiwasha inaunguruma vizuri tu ila ukikanyaga inafikiria kwanza.

Sasa nenda kijiweni na tatizo kama hilo uone. Plagi hizo madam. Siyo plagi, nozeli zimeziba. Pampu hiyo, huku pampu zinakufa sana. Kuna kijana akasema kwa uhakika kabisa, "toa masega dada yangu, itaruka hiyo", yani kile kisafishio cha moshi kilicho ndani ya bomba la ekzosi. Kila mtu ana jibu na kila jibu ni spea, ukizijumlisha zote mshahara umekata na gari bado iko mlimani inahema. Aliyeniuliza inakuwa nzito lini hakuwepo. Ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Ukiwa mwenyewe au na mzigo? Unapoondoka au ukishafika 80? Ukikanyaga kidogo au ukikanyaga yote? Kwangu mimi hilo ndo swali lenyewe, kwa sababu hewa, moto wa plagi, mafuta na njia ya moshi kila kimoja kinagoma kwa wakati wake, na ukiujua huo wakati umeshaondoa nusu ya washukiwa kabla hujashika spana.

Cha kwanza kabisa sikiliza. Ukikanyaga mafuta, injini inapandisha mizunguko inapiga kelele lakini spidi haipandi? Hapo nguvu ipo, inapotelea njiani. Kama ni manyuo basi klachi inateleza, kama ni otomatiki cheki kwanza haidroliki ya gia boksi, ikiwa imepungua au imeungua inanuka kama kitu kilichounguzwa na rangi imekuwa nyeusi, usihangaike na plagi. Lakini kama injini yenyewe ndo haipandi, sindano ya mizunguko inatambaa na wewe umekanyaga mpaka chini, tatizo liko kwenye injini au kuna kitu kinaishikilia gari.

Kushikiliwa kunasahaulika sana. Breki iliyoganda, handibreki ambayo waya wake umeshika kutu haurudi, tairi lisilo na upepo wa kutosha. Kipimo chake hakina gharama: tafuta sehemu tambarare isiyo na watu, ukiwa spidi ndogo weka nyutro uone gari inateleza yenyewe au inasimama haraka, halafu ukishatembea kidogo bila kutumia breki sana sogeza mkono karibu na kila rimu, sogeza tu usishike, ile yenye joto kuliko wenzake ndo inakula nguvu yako. Upepo wa tairi soma kibandiko cha mlangoni upande wa dereva, usijaze kwa kuangalia kwa macho.

Na kuna kapeti. Usicheke. Mdogo wangu alikanyaga mafuta mpaka chini gari ikiwa imezimwa, mi nimefungua boneti nimetoa paipu ya hewa naangalia kile kisahani cha throto kinachofungulia injini hewa, hakifunguki chote. Kumbe kapeti nene la upande wa dereva, lile la mtaani linalouzwa kwa mita, limekaa chini ya pedeli. Tukalitoa kikafunguka chote. Haikuwa dawa ya ugonjwa wangu lakini kuna mtu mahali fulani amebadilisha pampu kwa sababu ya kapeti, naamini kabisa.

Halafu tuongee kuhusu mlima wenyewe maana watu wa huku tunazilaumu gari kwa kosa la jiografia. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya bahari, yani hata ukiwa umesimama pale Kibirizi miguu inalowa maji tayari uko juu kuliko Dar kwa urefu huo wote. Hewa ya huku ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama kilopaskali 92 wakati usawa wa bahari ni 101. Injini isiyo na tabo inapoteza kwa makadirio asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. IST yenye injini ya 1NZ, hiyo ya cc 1,500 kama yangu, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 109, ile ya 1,300 ni 87, sasa piga asilimia 8 hivi utaona kwamba yangu ikiwa mpya kabisa na iko mjini Kigoma ina kama 100. Ukishika njia ya Mwandiga ukapanda kwenda Kalinzi kwenye kahawa au ukaendelea mpaka Manyovu, kila mita mia unazoongeza zinakuchukulia asilimia nyingine. Hakuna fundi wa kurekebisha hiyo.

Juu yake weka mawese. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi, mafuta ni mepesi kuliko maji. Madumu kumi ni kilo 180, ongeza na mtu na mwanae na mkungu wa ndizi aliosema ni mdogo, gari yenyewe tupu ni tani moja na kidogo. Kwa hiyo kabla hujasema gari yako mbovu, panda ule mlima wako wa kila siku ukiwa mwenyewe na buti tupu, saa ileile, na ufanye hivyohivyo kila ukibadilisha kitu. Mlima mmoja, mzigo mmoja. Wanafunzi wangu ningewanyima maksi wangebadilisha vitu viwili kwenye jaribio moja, sasa gereji kwa nini tunaruhusu fundi abadilishe plagi, pampu na chujio kwa mpigo halafu aseme "imepona"? Imepona na nini?

Yangu ikiwa tupu ilikuwa nzito kidogo, ikiwa na mzigo ilikuwa balaa, na ikiwa inazunguka taratibu pale Gungu kwenye tambarare hamna shida. Hiyo ni taarifa kubwa. Kitu kinachogoma pale tu injini inapohitaji vingi, mara nyingi ni kitu kinachoziba: hewa imezibwa, mafuta yamezibwa, au moshi umezibwa.

Nikaanza na hewa kwa sababu iko juu na ni bure. Kiangazi cha huku kuanzia mwezi wa sita vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sukari, sasa fikiria eya klina ya gari inayotembea barabara za vijijini. Niliitoa ikawa ya rangi ya tofali. Watu wanazipiga chini kutoa vumbi au wanapuliza kwa kompresa kutokea nje kwenda ndani, ukipuliza hivyo unalisukuma vumbi lizame kwenye karatasi na ukizidisha presha unaitoboa, bora upulize kutokea ndani kwenda nje taratibu au ununue mpya tu, siyo bei ya kuumiza. Na ukiwa hapo angalia boksi lake lote, panya wanapenda sana kule ndani, mimi nilikuta maganda ya karanga na vipande vya godoro.

Baada ya eya klina kuna sensa ya hewa, ile MAF, kidude chenye nyaya nyembamba mno zinazopashwa moto, hewa ikipita inazipoza na kompyuta ya gari inajua hewa kiasi gani imeingia kwa kuangalia umeme unaohitajika kuzirudishia joto. Vumbi likizifunika hazipoi vizuri, kompyuta inadanganywa kwamba hewa ni kidogo, inatoa mafuta kidogo, gari inakosa nguvu na taa haiwaki kwa sababu uongo wenyewe ni mdogo mdogo. Kuisafisha ni skrubu mbili na dawa yake maalumu ya kupuliza, usitumie ya kabureta na usiguse zile nyaya hata kwa pamba. Hiyo dawa huku kuipata ni kazi, mimi niliagiza ikaja na basi.

Lakini kabla ya kupuliza nilitaka namba. Nina kile kifaa cha ELM327 cha Bluetooth, cha kusomea kompyuta ya gari kwa simu, kinauzwa bei rahisi kila mahali, kikakataa kuongea na IST kabisa. Fundi umeme mmoja akanicheka, "Madam, hii gari ni ya Japani kwa ajili ya Wajapani." Ni kweli, Marekani ndo walilazimisha OBD2, yani lugha moja ya kusomea kompyuta za gari, kwenye gari zao ndogo kuanzia modeli za 1996, gari nyingi zilizouzwa ndani ya Japani miaka hiyo na iliyofuata hazikubanwa na sheria ile, kwa hiyo soketi inafanana ila lugha inaweza isiwe ileile. Akaniazima skana yake inayojua Toyota za Japani, kwa masharti nisiifikishe Kasulu.

Hapa ndo pananifurahisha zaidi, univumilie. Injini ya cc 1,500 inavuta ujazo wake mzima mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika maana yake ni mara 1,500 inavuta lita moja na nusu, jumla lita 2,250 kwa dakika, ukigawa kwa 60 unapata lita 37.5 kwa sekunde. Hewa ya Kigoma kwenye joto la nyuzi 25 ina kama gramu 1.08 kwa lita. Zidisha: gramu 40 kwa sekunde. Hiyo ni kinadharia, injini halisi haijai kabisa, asilimia 80 mpaka 90 unaridhika, kwa hiyo ukikanyaga yote mlimani na sindano ikapita kwenye 3,000 skana inatakiwa isome kati ya 32 na 36. Yangu ilisoma ishirini na kitu. Baada ya eya klina mpya na kusafisha sensa ikasoma 33. Unaona raha ya namba? Hapo hakuna kubishana kijiweni, injini sasa inapata hewa yake na inajua kwamba imeipata.

Gari ikachangamka kidogo. Kidogo tu, mzigo ukiwepo bado inazama.

Ukurasa wa pili wa skana ni fyueli trimu. Kompyuta inapiga hesabu ya mafuta, halafu inachungulia kwenye ekzosi kupitia sensa ya oksijeni, ikiona mafuta yalikuwa machache inaongeza asilimia fulani, yakizidi inapunguza. Hiyo asilimia ndo trimu. Jumla ya ile ya muda mfupi na ya muda mrefu ikicheza kwenye 5 juu au chini ya sifuri gari ina amani, hata 10 siyo mbaya. Ikipanda 20 na kuendelea injini inalia njaa, na zikikaa huko muda kompyuta inawasha taa na kuandika P0171, namba ya kosa la mafuta kuwa machache kuliko hewa.

Utamu uko kwenye lini, narudia tena. Trimu ikiwa juu injini ikiwa sailensa, yani inaunguruma bila kukanyagwa, halafu inashuka ukipandisha mizunguko, kuna hewa inaingia kwa kuiba mahali, paipu ya vakyumu imepasuka au gasketi ya manifoldi, kwa sababu tundu ni lilelile na kwenye mizunguko midogo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote. Trimu ikiwa nzuri sailensa halafu inapanda kadiri unavyobebesha injini mzigo, mafuta hayatoshi, au MAF inadanganya. MAF nilishaitoa kwenye orodha kwa ile hesabu. Yangu ilikuwa 3 ikiwa imesimama, na mlimani kwa mguu wa nusu ikapanda mpaka inakaribia 20.

Tahadhari moja: ukikanyaga mpaka chini kabisa kompyuta nyingi zinaacha kusikiliza sensa na kumwaga mafuta kwa hesabu ya kichwani, trimu inaganda, usidhani imepona. Hapo angalia volti za sensa ya oksijeni ya mbele, kama ni ile ya kawaida inayocheza kati ya 0.1 na 0.9. Mguu ukiwa chini inatakiwa ikae juu, 0.8 au 0.9, maana yake mafuta yapo ya kutosha. Yangu ilipanda, ikakaa kidogo, halafu ikaporomoka mpaka 0.1 katikati ya mlima. Mdogo wangu ndo alikuwa anasoma, mi naendesha, tafadhali usifanye vyote viwili mwenyewe.

Plagi sikuzisahau, nilizitoa palepale maana ni kazi fupi kwenye IST, koili nne juu, bolti moja moja. Gari inayomisi inajulikana, inatetemeka, inashtukashtuka ukikanyaga, na mara nyingi inawasha taa inayopepesa. Yangu haikuwa inamisi. Ila zilikuwa zimeliwa, uwazi unaotakiwa kwenye plagi za injini hii ni milimita 1.1 (ukiona namba ya plagi inaishia na 11 ndo hiyo), na uwazi ukikua sana cheche inashindwa kuruka hasa injini ikiwa na mzigo, kwa hiyo plagi mbovu nazo zinajificha mpaka mlimani. Nikaweka mpya. Tofauti niliyoisikia ni kwenye kuwaka asubuhi, mlimani sensa ikaporomoka vilevile. Sawa, siyo plagi.

Basi ni mafuta, na mafuta ya huku yana historia. Kuna wakati sheli zinakauka au uko kijijini mbali, unanunua ya dumu au ya chupa za kando ya barabara. Zamani shida kubwa ilikuwa uchakachuaji, watu wanachanganya petroli na mafuta ya taa kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo, ndo maana 2010 EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa yasiwe na faida kuchanganya. Mafuta ya taa kwenye petroli yanashusha okteni, injini inagonga, sensa ya kugonga inasikia na kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche ili isivunjike, matokeo ni gari nzito inayogonga ukikanyaga. Ukisikia ule mlio wa vijiwe mlimani baada ya kujaza mahali fulani, maliza tenki na ujaze kwingine kabla hujatoa hela kwa fundi. Mimi sikusikia mlio. Lakini dumu lina jambo jingine, vumbi, kutu na maji. Maji ni mazito kuliko petroli yanakaa chini kabisa ya tenki, na chini kabisa ya tenki ndo pampu inanyonya.

Nikamuita fundi mwenye geji ya presha. Akaifunga, ikasoma 46, kwenye injini hii psi 44 mpaka 50 ni sawa, akaanza kukusanya vifaa vyake, "pampu nzima madam". Nikamwambia fundi wangu subiri, presha na wingi siyo kitu kimoja, gari ikiwa imesimama injini inakunywa kidogo sana, hata paipu iliyozibwa itaonyesha presha nzuri kama hakuna anayekunywa. Mlimani ikitaka mara kumi yake ndo utajua. Alinitazama kidogo akasema haya, tufungue.

Kwenye IST pampu iko ndani ya tenki na mlango wake uko chini ya kiti cha nyuma. Kama utafanya mwenyewe, hapa siyo pa kufanya mchezo: fanya nje kwenye upepo, tenki liwe chini ya robo, chomoa soketi ya pampu gari ikiwa imezimwa, kisha iwashe uiache iungurume mpaka izime yenyewe ili presha ya kwenye paipu iishe, halafu toa waya hasi wa betri. Jiko la mkaa la jirani liwe mbali, sigara mbali, na kitambaa cha kufuta yatakayomwagika kiwe karibu. Safisha juu ya mfuniko kwanza kwa brashi, lile vumbi la miaka chini ya kiti ukifungua tu linaanguka kwenye tenki na umejitengenezea safari nyingine.

Kichujio cha chini ya pampu, kile cha wavu laini kama soksi, kilitoka cheusi na kina utelezi wa matope, ukikiminya kwa vidole unasikia mchanga. Fundi akakaa kimya, halafu akasema gari za mawese zote atazifungua hapo. Tukabadilisha hicho kichujio na filta iliyo kwenye mkebe wa pampu, pampu yenyewe tukaiacha. Nikapima umeme kwenye soketi yake injini ikiwa inawaka, volti 13 na kidogo, maana soketi iliyoungua nayo inaifanya pampu nzima iwe mvivu na watu wananunua mpya inakuwa mvivu vilevile. Tenki tukalinyonya mpaka chini kabisa, yaliyotoka mwishoni yalikuwa na matone ya maji yanayokimbiakimbia kwenye beseni. Mpira wa mfuniko ubadilishe kama umelegea, usipobana petroli itanuka ndani ya gari.

Mlima uleule, buti tupu: sensa ya oksijeni ikapanda 0.86 ikakaa hapohapo mpaka juu. Trimu 4. Tukaweka madumu, tukapanda tena, 0.85. Gari haijawa ndege, farasi ni walewale mia, ila ukikanyaga inaitika.

Jirani yangu Baba Asha aliiona ikipanda akaja jioni na Noah yake. "Mwalimu, na hii?" Nikamuuliza lini. Ya kwake ni tofauti kabisa: asubuhi ikiwa ya baridi inakwenda vizuri, ikishapata moto inaanza kusongwa, kadiri unavyokanyaga ndo inavyozidi kugoma, haipiti spidi fulani hata kwenye tambarare, na chini ya miguu ya abiria wa mbele kunakuwa na joto. Trimu zake hazikuwa na kilio chochote, hewa kwenye MAF ndo ilikuwa ndogo mno hata na eya klina mpya. Hewa haiingii kwa sababu moshi hautoki. Hapo ndo yule kijana wa kijiweni angekuwa na haki yake, masega.

Kuyapima masega bila kifaa: toa ile sensa ya oksijeni ya kabla ya masega, acha tundu wazi, funga waya wake vizuri usiguse bomba, washa gari utembee kidogo sana. Kelele itakuwa kubwa mpaka kuku wanakimbia na taa ya injini itawaka, ila kama nguvu imerudi ghafla basi moshi umepata mlango. Ya Baba Asha ilirudi. Ukipata geji ya vakyumu ni nzuri zaidi, shikilia mizunguko 2,500, usomaji ukianza kushuka taratibu badala ya kutulia ekzosi imeziba, na usishtuke geji ikisoma chini kidogo ya kilichoandikwa kwenye vitabu, vile vimeandikwa kwa usawa wa bahari.

Wengi wanayatoa masega wanaacha bomba tupu, kuna watu wanapita gereji wanayanunua kwa sababu ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Mimi sishauri, moshi wake unauma macho na wanaopanda mlima nyuma yako ni watoto wa shule kwa miguu. Lakini zaidi ya hapo masega hayajizibi yenyewe. Nikamtolea plagi, ya silinda moja ilikuwa imelowa oili nyeusi. Oili na petroli isiyoungua vinakwenda kuungulia kule kwenye masega, yanayeyuka yanaziba. Akifunga mapya leo bila kutibu hiyo silinda atakuwa ameyanunulia kaburi.

Ameuliza bei ya masega yaliyotumika kutoka Dar na bei ya sili za valvu, amekunja karatasi ameweka mfukoni, anasema asubiri dagaa wa mwezi huu wauzike. Tumekubaliana tuanze na mgandamizo wa ile silinda, fundi mwenye geji yake anarudi Jumamosi.